Mbunge akifariki Kalemie, nani anakaa kwenye kiti chake?

Ng'ambo ya ziwa, kule Kigoma, mbunge akifariki katikati ya muhula inatangazwa siku ya uchaguzi mdogo. Wagombea wanarudi sokoni kuomba kura, watu wanapanga mstari tena, na kiti kinapata mwenyewe mpya. Huku Kalemie haiko hivyo. Mbunge wa taifa akifariki, anayepanda ndege kwenda Kinshasa ni mtu ambaye jina lake liliandikwa kwenye karatasi siku ile marehemu alipopeleka ugombea wake, pengine miaka minne nyuma. Katiba ya 2006 inasema wazi: kila mbunge wa taifa anachaguliwa pamoja na mbadala wawili. Mbadala ndiye yule ambaye mjini kila mtu anamwita kwa Kifaransa, suppléant. Wa kwanza akikosekana, anaingia wa pili. Raia haitwi tena kwenye kituo cha kura.

Kuna watakaosema hayo ni mambo ya karatasi za Kinshasa. Lakini mji huu unajua, kuliko miji mingi ya nchi, kiti kitupu kinaweza kuzaa nini. Ulijifunza mapema, wakati bado unaitwa Albertville.

Mei 1960, mwezi mmoja na nusu kabla ya uhuru, wanaume wa Kongo walipiga kura. Wanawake hawakupiga. Katika Katanga vyama viwili ndivyo vilishindana kwa nguvu: Conakat ya Moïse Tshombe, yenye mizizi upande wa kusini wa migodi, na Balubakat ya Jason Sendwe, msaidizi wa daktari aliyegeuka mwanasiasa, yenye watu wengi upande huu wa kaskazini. Balubakat iliungana na vyama vya Wakasai na Watshokwe, muungano ukaitwa Cartel. Kwa Bunge la taifa huko Léopoldville, Cartel ilipata kura zaidi ya 110,000 na viti 7. Conakat ilipata karibu kura 105,000 na viti 8. Aliyepata kura nyingi akapata viti vichache. Hasira ilianzia hapo.

Kwenye bunge la jimbo, Élisabethville, hesabu ilikuwa ngumu zaidi. Viti vya kuchaguliwa vilikuwa 60. Conakat ilishika 25, Cartel 23, vilivyobaki vilikuwa vya watu huru na orodha ndogo ndogo, na wengi wao walisogea upande wa Tshombe. Sheria ya msingi ambayo Wabeljiji waliiandikia Kongo ilidai kwamba serikali ya jimbo haiwezi kuchaguliwa kama theluthi mbili ya wabunge hawamo ndani. Sharti hilo liliwekwa ili pasiwe na upande mmoja unaomeza mwingine. Watu wa Cartel waliliona, wakalitumia kama silaha: walitoka ndani, wakaviacha viti vyao wazi. Bila wao idadi haikutimia, serikali haikuweza kuundwa, na Tshombe angelazimika kukaa nao mezani na kugawana wizara.

Ingekuwa hivyo kama sheria ingebaki ilivyo. Katikati ya Juni 1960, wiki mbili tu kabla ya kushusha bendera yake, Bunge la Ubeljiji lilibadilisha sharti lile. Theluthi mbili haikuhitajika tena. Viti vya Cartel vilikuwa bado vitupu, ila sasa utupu wake haukuwa na uzito wowote. Tshombe alichaguliwa kuwa rais wa jimbo, akaunda serikali ya watu wa upande wake, na tarehe 11 Julai 1960 akatangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Wanahistoria wengi wakieleza kujitenga kwa Katanga wanaanza na shaba, na kampuni ya Union Minière, na askari wa Kibeljiji. Ni kweli yote. Lakini mtu wa Kalemie, Manono au Kabalo anayetaka kujua kwa nini babu yake alilala porini mwaka 1960 anatakiwa kutazama pia ukumbi ule wa Élisabethville na safu ya viti ambavyo hakuna aliyekaa. Upande wa kaskazini ulikuwa umechagua watu wake. Watu hao walitoka nje wakiamini kwamba kutokuwepo kwao kutahesabiwa. Kanuni ikageuzwa nyuma ya mgongo wao na watu wa Brussels, na kuanzia siku hiyo kaskazini ikawa na serikali ambayo haikuiweka yenyewe.

Miezi iliyofuata inajulikana katika kila ukoo wa hapa. Vijana wa Balubakat waliinuka, jandarmeri ya Tshombe ikaja na kuchoma vijiji, na Oktoba 1960 Umoja wa Mataifa ukakubaliana na Tshombe kutenga maeneo ya kaskazini ambayo pande zote hazikutakiwa kupigania. Januari 1961, huko Manono, watu wa Balubakat walitangaza jimbo lao wenyewe, wakaliita Lualaba, chini ya Prosper Mwamba Ilunga. Mwaka huo huo makumi ya maelfu ya Waluba waliokuwa wanaishi Élisabethville walikimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Maneno ambayo leo yanasikika Katanika na Kalunga, kambi, mgao, maturubai, hayakuanza kutamkwa na kizazi hiki.

Mwaka 1962 serikali ya Léopoldville iliigawa nchi upya, na Katanga ya Kaskazini ikawa jimbo halali, mji mkuu ukiwa Albertville. Kwa mara ya kwanza bunge la jimbo lilikaa kando ya ziwa. Waliokaa humo walikuwa ni wale wale waliopigiwa kura Mei 1960, maana hapakuwa na uchaguzi mwingine wa kuwatoa au kuwathibitisha. Sendwe alichukua urais wa jimbo mwaka 1963. Chama chake kilikuwa kimeshagawanyika, yeye upande mmoja, Mwamba Ilunga upande mwingine. Juni 1964 waasi wa Gaston Soumialot waliuteka mji, na Sendwe akauawa. Jeshi la taifa lilirudi mwishoni mwa Agosti pamoja na mamluki wa Mike Hoare. Novemba 1965 Mobutu alichukua madaraka, na muda mfupi baadaye majimbo madogo yakaunganishwa tena. Bunge la Albertville likafutika. Mji wenyewe ukabadilishwa jina, ukawa Kalemie.

Miaka ya Mobutu haina mengi ya kusema juu ya viti vitupu. Mwaka 1970 kulikuwa na orodha moja ya chama kimoja, MPR, na kazi ya raia ilikuwa kuikubali. Kiti kikiwa wazi, chama kinajua nani atakaa. Vita vya 1998 vilipokuja, Kalemie ilikuwa mikononi mwa RCD, wakati Laurent-Désiré Kabila akiteua bunge la watu 300 na kuliketisha Lubumbashi mwaka 2000. Kisha mapatano ya 2003 yakaleta Bunge la mpito la watu 500, wote wakipelekwa na makundi yaliyotia sahihi. Anayeondoka, kundi lake linamtuma mwingine. Mtu aliyezaliwa Kalemie mwaka 1966 angefika umri wa miaka 40 kabla ya kuona uchaguzi huru wa vyama vingi.

Uchaguzi huo ulifika tarehe 30 Julai 2006, na pamoja nao ule utaratibu wa mbadala wawili. Ulikuwa na sababu zake, wala si sababu za kudharau. Kuandaa kura katika teritware kama Nyunzu au Moba ni kazi ya mitumbwi, pikipiki na barabara ambazo mvua ikinyesha hazipo. Kurudia yote hayo kwa ajili ya kiti kimoja, kila mara mbunge anapofariki au kuitwa serikalini, ni gharama ambayo nchi iliyotoka vitani haikuwa nayo. Mbadala anaingia bila franka moja ya ziada.

Tatizo liko kwenye namna mbadala anavyopatikana. Mpiga kura anatafuta picha ya mgombea, anachagua uso anaoujua. Majina ya mbadala yamo kwenye faili iliyokwenda tume ya uchaguzi, na anayeyachagua ni mgombea mwenyewe. Si siri katika nchi hii kwamba wengi wanaandika mke, kaka, mtoto au mtu wa nyumbani ambaye hatamgeuka. Hapo kiti cha raia kinaanza kufanana na shamba la urithi. Kisheria hakuna kosa lolote. Lakini mama wa Lukuga aliyempigia kura fulani kwa sababu anamwamini hakuulizwa kama anamwamini pia shemeji yake fulani.

Mwaka 2011 mambo yalisogea hatua nyingine. Kabla ya hapo, mbunge akikubali uwaziri alikipoteza kiti chake moja kwa moja, na mbadala akawa mbunge kamili. Marekebisho ya Katiba ya Januari 2011 yaligusa kifungu cha 110: sasa mbunge akipewa kazi ya kisiasa isiyoruhusiwa kwenda pamoja na ubunge, kazi yake ya ubunge inasimamishwa tu. Siku akiachishwa uwaziri, anarudi kukaa mahali pake na mbadala anarudi nyumbani. Mbadala amekuwa mtu wa kukilinda kiti kisipoe. Atasimama vipi bungeni kumbana waziri, ikiwa yeye mwenyewe yuko pale kwa sababu mwenye kiti ni waziri?

Kifungu hicho hicho kinasema kwamba mbunge anayekiacha chama chake kwa hiari katikati ya muhula anahesabiwa kuwa ameuacha ubunge. Kwa maandishi ni sharti kali. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 wabunge wengi wa FCC, kambi ya Joseph Kabila, walihamia Union sacrée ya Rais Félix Tshisekedi, na viti vyao havikutangazwa kuwa wazi. Kwa hiyo kiti kinaweza kubaki na mtu yule yule huku upande wake umegeuka, na aliyempigia kura kwa ajili ya upande ule wa kwanza hana mahali pa kwenda.

Bunge la jimbo lilirudi Kalemie mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa na Tanganyika ikawa jimbo lenye teritware sita: Kalemie, Kabalo, Kongolo, Manono, Moba na Nyunzu. Zilikuwa zimepita karibu miaka 50. Na tazama vile historia inavyopenda kurudi nyuma: waliokaa humo walikuwa ni wabunge waliochaguliwa Oktoba 2006 kwa ajili ya Katanga nzima, wakagawanywa kulingana na teritware zao. Muhula wao wa miaka mitano ulikwisha tangu zamani, lakini uchaguzi wa majimbo haukufanyika 2011, wakabaki hadi mwanzoni mwa 2019. Hakuna kundi la watu linalokaa miaka 12 bila kifo, ugonjwa wala safari. Bunge la namna hiyo ndilo lilimchagua Richard Ngoy Kitangala kuwa gavana Machi 2016, wakati teritware kadhaa zilikuwa tayari zinawaka moto.

Tanganyika ilikuja kupata pia somo la kiti cha gavana. Si kiti cha bunge, ila bunge ndilo linakijaza. Zoé Kabila, aliyekuwa mbunge wa taifa wa Manono, alichaguliwa gavana mwaka 2019. Mei 2021 wabunge wa jimbo walimwangusha kwa kura ya kutokuwa na imani. Mwaka mzima ulipita kabla ya kiti kujazwa rasmi; Mei 2022 wabunge walimchagua Julie Ngungwa Mwayuma. Mji wote ulifuata habari hiyo redioni, kila mtu akiwa na mgombea wake moyoni, lakini kura zilikuwa za wale waliomo ukumbini peke yao.

Hapo ndipo watu wanapotazama ng'ambo na kuwaonea wivu Watanzania. Wivu huo upunguzwe kidogo. Uchaguzi mdogo nao una magonjwa yake, na Kigoma yenyewe ni mfano. Mwaka 1994, muda mfupi baada ya Tanzania kurudisha vyama vingi, Kigoma Mjini ilipiga kura kujaza kiti kimoja. Azim Premji wa CCM alitangazwa mshindi dhidi ya Dk. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA. Kabourou alikwenda mahakamani. Kati ya mambo yaliyozungumzwa kwenye kesi ile ni namna redio ya taifa ilivyotumika kupendelea upande mmoja. Mahakama Kuu ilifuta matokeo, serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikakubali yafutwe. Kwenye uchaguzi mkuu wa 1995 Kabourou alikipata kiti hicho. Wanasheria wa Tanzania wanaisoma kesi hiyo hadi leo. Kiti kimoja cha mji wa ziwani kiliifundisha nchi nzima kwamba redio ya umma si mali ya chama. Katika mfumo wa mbadala kesi ya namna hiyo haiwezi kuzaliwa, kwa kuwa hakuna kampeni ya kupendelea wala kura ya kubishania.

Kongo nayo imewahi kurudi kwenye kura kwa ajili ya viti ambavyo havikupata watu. Desemba 2018 tume ya uchaguzi, CENI, iliahirisha kura Beni, Butembo na Yumbi. Kwa Beni na Butembo ilitaja Ebola na usalama. Wakazi wa Beni walikasirika kiasi cha kuandaa kura yao wenyewe siku ya 30 Desemba, wakapanga mstari bila karatasi halali. Walipopewa kura ya wabunge tarehe 31 Machi 2019, rais alikuwa ameshaapishwa. Baadaye, Januari 2024, CENI ilifuta kura za Masimanimba, huko Kwilu, na Yakoma, huko Ubangi ya Kaskazini, kwa sababu ya udanganyifu, ikawafuta na wagombea 82 wa sehemu mbalimbali za nchi. Masimanimba na Yakoma zilirudia kura Desemba 2024, karibu mwaka mzima bila wabunge wapya. Masisi, Rutshuru na Kwamouth hazikupiga kura kabisa Desemba 2023, kwa sababu ya vita.

Masisi na Rutshuru zinawagusa watu wa hapa kwa njia ya pekee. Jamaa nyingi zilizofika Kalemie kwa mashua mwaka 2025, zikitoka Uvira na pande za Kivu ya Kusini, zinajua maana ya kuacha kijiji ambacho kina jina kwenye ramani ya uchaguzi lakini hakina watu wa kupiga kura. Na waliokuwa hapa kabla yao, waliotoka Nyunzu, Manono na Kabalo wakati wa mapigano ya Watwa na Waluba, wanajua zaidi.

Maana kuna jambo ambalo halielezwi mara nyingi kwenye mikutano. Viti 500 vya Bunge la taifa havigawanywi kwa ukubwa wa ardhi, wala kwa idadi ya watu waliozaliwa mahali. Vinagawanywa kwa idadi ya waliojiandikisha. Mwaka 2018 waliojiandikisha nchi nzima walikuwa zaidi ya milioni 40; ukigawa kwa 500, kila kiti kilisimama juu ya watu kama 80,500. Teritware au mji wenye waandikishwa wachache unapata angalau kiti kimoja, na wenye wengi unaongezewa. Sasa angalia tarehe. Uandikishaji ule ulifanyika kati ya katikati ya 2016 na mwanzo wa 2018, miezi ile ile ambapo vijiji vya Nyunzu na Kabalo vilikuwa vinahama. Kila aliyepata kadi yake akiwa Kalemie alihesabiwa Kalemie. Kadi hiyo ndiyo kitambulisho chake kwa polisi, kwenye mgao, kwenye simu. Asingeweza kuikataa ili kungoja arudi kwao. Lakini kwa kuichukua alibeba sehemu ya kiti cha kijiji chake, akaiweka mjini, bila mtu yeyote kumwambia.

Mbunge wa mjini anayepigiwa kura na watu wa kambini hana sheria inayomlazimisha kusema juu ya barabara ya Nyunzu. Na mbunge wa Nyunzu, aliyechaguliwa na waliobaki, anaweza kusema kambi za Kalemie si eneo lake. Akifariki mmoja wao, mbadala wake anarithi mipaka hiyo hiyo pamoja na kiti.

Kwa hesabu ya Katiba, uchaguzi mkuu unaofuata ni wa 2028. Kabla yake daftari la wapiga kura litafunguliwa tena, na mwenye jamaa Katanika ataulizwa swali moja dogo na kijana wa CENI aliyeketi mbele ya mashine: unajiandikisha wapi? Jibu lake litaingia kwenye hesabu ya viti vya Kalemie au ya kwao. Na kwenye ofisi ya wagombea, mlango wa pili, watu watakuwa wanajaza karatasi yenye mistari mitatu: jina la mgombea, jina la mbadala wa kwanza, jina la mbadala wa pili. Hiyo mistari miwili ya chini, wakati bado kura haijapigwa, ndiyo nafasi ambayo raia anayo ya kumuuliza mgombea wake: hawa ni nani, wanaishi wapi, na wakiingia wewe usipokuwepo watasema nini juu yetu?